Kadi ya Feni Mbili

Kila asubuhi Osewe aliwasha kompyuta ya mkewe. Kisha alipiga mswaki, akanywa chai, akavaa viatu. Kompyuta ilikuwa bado inafunguka.

Osewe ni fundi wa pikipiki pale Kawangware 46, Nairobi. Mkewe, Adhis, huandika programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba, nyumbani kwao. Hupanga picha za marehemu, nyimbo na majina ya familia, kisha kazi hupelekwa kuchapishwa. Watu wa kanisani walimpenda kwa sababu hakosei majina. Lakini siku hizi kompyuta iliganda kila alipoweka picha. Wateja wawili walikuwa wamechoka kungoja, wakaenda kwingine.

Jumatatu alikuja Mukhwana, mwimbaji mwenzake Adhis katika kwaya. Baba yake, mzee Wesonga, alikuwa amefariki. Mwili ungesafirishwa Alhamisi saa kumi jioni, na programu ilitakiwa kabla ya hapo.

"Nikishindwa na hii, nani kanisani ataniletea kazi tena?" Adhis alimwambia mumewe.

Osewe alijua la kufanya, au alidhani anajua. Alienda kwa Wagaki, anayetengeneza kompyuta kwenye ploti ya baba yake.

"Sasa Wagaki! Niuzie ile kadi ya picha, ya feni mbili. Hiyo ndiyo injini."

"Poa, fundi. Kompyuta iko na shida gani?"

"Inaenda polepole sana."

"Umeifungua?"

"Ya nini? Si nimekuambia iko polepole!"

Wagaki alicheka. "Mteja akikuambia pikipiki haivuti, unamuuzia injini?"

"Hapana. Naangalia kwanza plagi, halafu kabureta, halafu..." Alikuwa amejifunga mwenyewe.

Wagaki alimfuata nyumbani. Hakushika bisibisi. Alifungua programu ya mazishi yenye picha zake zote, kisha akafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta inavyofanya kazi.

"Oneni hapa. RAM imejaa. Diski nayo haipumziki. Lakini prosesa, hiyo ndiyo injini yenyewe, imekaa tu ikingoja."

"RAM ni nini?" Adhis aliuliza.

"Ni meza yako ya kazi, Mama Brandon. Diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kila saa unarudisha vitu kabatini. Na kabati yako ni ya zamani, inafunguka kwa shida."

"Na kadi yangu?" Osewe hakuwa amekata tamaa.

"Hiyo ni ya michezo na video kubwa. Tena pawa ya kompyuta hii, kile kisanduku cha kugawa umeme, ni ndogo, haina hata waya wa kuipelekea umeme. Ungenunua pambo."

Adhis alimtazama mumewe kwa jicho la "si nilikuambia", ingawa hakuwa amemwambia chochote.

Wagaki alinakili kazi zote za Adhis kwenye flashi. "Hii inafanywa kabla ya kugusa kitu," alisema. Akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiharibu vitu vya ndani. Kisha akachomoa kijiti cha RAM, akampa Osewe.

"Soma."

"DDR3."

"Hiyo ndiyo aina yake. Basi tunatafuta DDR3. DDR4 haiingii hata ukiilazimisha, pengo lake liko mahali pengine. Ya laptop pia usichukue, ni fupi. Hapa kuna nafasi moja wazi, kwa hivyo tunaongeza tu, hatutupi kitu."

"Na kabati?"

"Tunaweka SSD, diski ya kisasa. Haina kitu kinachozunguka ndani, inasoma haraka. Diski ya zamani bado ni nzima, itabaki ya kuweka nakala. RAM hata ya mtumba ni sawa, bora muuzaji aijaribu ukiona. SSD chukua mpya, na udai risiti."

Vitu hivyo viwili havikufika hata nusu ya bei ya ile kadi, na Jumanne Wagaki alivifunga, akahamishia kila kitu kwenye SSD. Jumatano asubuhi Osewe aliwasha kompyuta na kwenda kutafuta mswaki. Kabla hajaupata, Adhis alikuwa amekwisha kukaa, anaandika.

Alhamisi saa sita mchana Mukhwana alikuja kuchukua kazi. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye leso nyeusi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Mukhwana alisoma majina kwenye skrini, uso wake ukabadilika.

"Mama Brandon, tumekosea. Si wewe, ni sisi. Huyu ni Nekoye, dada yetu kwa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Amefika leo kutoka Bungoma. Hatukumwandika."

"Acheni tu," Nekoye alisema. "Muda umeisha. Na mimi nimezoea."

Osewe alimwonea huruma sana. Wiki iliyopita kompyuta ingeganda, na jina lake lisingeingia.

"Muda upo, dada," Adhis alisema. "Uko na picha yako na mzee?"

Ilikuwemo kwenye simu yake. Adhis aliiweka, akasogeza majina, akaandika. Kompyuta haikuganda. Chai ambayo Osewe alimmiminia mgeni ilikuwa bado inatoa mvuke.

Nekoye aliingia ndani, akainama mbele ya skrini.

"Nekoye Wesonga, binti," alisoma. Akasoma tena kwa sauti zaidi.

Kisha alikaa kwenye kiti, akamlilia baba yake.