Nilipigwa Picha Nikitabasamu, Ningali Katika Nguo Nyeusi

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mjane, mama wa mtoto mmoja, na mwalimu wa Kilatini katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Nitayaeleza haya kwa utaratibu, ndugu wasomaji, kwa sababu majirani zangu wa mtaa wa Makomeno waliyapokea kwa kuanzia mwisho, na mwisho wake ni picha.

Mume wangu, Anaclet, alifariki kwa ugonjwa wa figo baada ya kulazwa majuma matatu. Hakuna aliyekosea. Aliugua, akadhoofika, akaondoka.

Kilio, ndivyo tuitavyo matanga huku kwetu, kilifanyika nyumbani. Mjane huketi chini, juu ya mkeka, na kila mgeni anapoingia, mjane hupaza sauti, akamwita marehemu kwa jina na kumwuliza amemwachia nani nyumba hii. Mimi niliketi. Niliinamisha kichwa. Sauti haikutoka. Siku ya kwanza watu walisema ni mshtuko. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu kila aliyenipa mkono alinitazama kwanza machoni... alikuwa akitafuta maji.

Ukoo wa mume wangu ni wa kaskazini mwa Katanga, watu wa reli tangu babu yao. Kwao mjane asiyelia ni mjane mwenye jambo analolijua kuhusu kifo hicho. Wazee wakaketi. Séverin, kaka mkubwa wa marehemu, akataka binti yangu Clarisse, mwenye umri wa miaka tisa, ahamie kwake Likasi mpaka hapo mambo yatakapoeleweka. Nilisikia kila neno. Nilijua kwamba ilinipasa kulia angalau kwa ajili ya hilo, na sikulia.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu.

"Mumuache!" aliwaambia. "Huyu iko nalia mu roho. Mi njo nasimama juu yake. Mutoto atabakia na mama yake."

Mama aliyemzaa marehemu akisema anasimama kwa ajili ya mjane, nani atabisha? Clarisse akabaki kwangu kwa neno la mtu mmoja. Mama mkwe naye akabaki nasi, akalala chumba kimoja na mjukuu wake.

Sasa sina budi kuungama jambo ambalo pengine litawachekesha. Mimi ni mpenzi wa zile treni za starehe zinazopanda juu ya reli kama mlima, kisha zikaporomoka na watu ndani yake, ambazo sisi tunaziita kwa Kifaransa montagnes russes. Nilizijua Ubelgiji, mimi na Anaclet tulipokuwa wanafunzi huko. Nilipanda kumi na moja, na daftari langu linaonyesha kimo na idadi ya mizunguko ya kila moja. Anaclet aliziogopa. Alisimama chini na kunishikia mkoba na miwani.

Kule juu nilipiga kelele! Mimi niliyelelewa na masista, niliyefundishwa kwamba msichana mwenye adabu hasikiki chumba cha pili, nilipiga kelele kama mtu aliyeungua. Na kila niliposhuka, mashavu yangu yalikuwa yamelowa.

Katika juma la sita la ujane wangu niliona bango kando ya barabara: bustani mpya ya michezo imefunguliwa nje kidogo ya mji, na humo imo montagne russe ya kwanza ya Katanga nzima. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha. Niliitambua papo hapo. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi na moja za Ubelgiji; niliijua kwa jinsi inavyopinda kushoto baada ya mteremko wa kwanza. Yaani nilijua, kabla sijaondoka nyumbani, kwamba picha ile haikuwa ya Lubumbashi. Mimi, ninayewapunguzia wanafunzi alama kwa kunukuu bila kutaja chanzo!

Hata hivyo niliamua kwenda. Hoja yangu ilikuwa hii: nikiweza kupiga kelele, machozi yatafuata; na machozi yakifuata, nitarudi mkekani na kumlilia mume wangu inavyopasa. Je, nilikuwa na wazimu? Sidhani. Nilikuwa sina njia nyingine.

Lakini mjane aliye katika nguo nyeusi hahudhurii hata harusi ya nduguye mpaka kilio kiondolewe. Nilimwambia mama mkwe kwamba naenda kwenye Misa ya kumwombea Anaclet.

"Enda, mwanangu," alisema. "Uniombee na miye. Mi nitabakia na mutoto." Kisha akaniweka sawa kitambaa cha kichwa, kwa mikono miwili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ndani ya bustani, magari ya kugongana yalikuwa yamefunikwa turubai, na bwawa lilikuwa halina maji. Nilipoiulizia montagne russe nilielekezwa kwenye kiwavi cha bati, cha kijani, chenye mabehewa matano na macho mawili ya rangi. Sehemu ya juu kabisa ya reli yake nilikadiria kuwa mita mbili. Watoto walikiita kinkubala, kwa jina la wale viwavi tunaowala.

Mwendeshaji wa kiwavi, kijana mwenye filimbi, alinitazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Mama, mutoto yenu eko wapi?"

Nilimjibu kwamba niko peke yangu.

"Mama muzima na kinkubala!" Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. "Sawa, Mama, mwingie ku nyuma. Mukiikala ku mbele, itainama!"

Kabla ya kuingia nilinyoosha mkono pembeni ili kukabidhi mkoba wangu. Mkono ulibaki hewani kitambo. Nikaketi na mkoba magotini.

Tulizunguka mara tatu. Pale juu, katika mzunguko wa kwanza, nilifungua kinywa. Hewa iliingia. Hakuna kilichotoka. Watoto walikuwa wakipiga kelele pande zote, nami nilikaa katikati yao, kinywa wazi, kama mtu anayesubiri daktari wa meno. Nikakifunga.

Mwenye filimbi aliinua simu yake. "Mama, mucheke kidogo, ni ya photo!"

Nikatabasamu. Kwa nini? Kwa sababu niliombwa. Miaka yote niliyozoea kuwapokea wageni na wakaguzi iliniinua midomo, basi. Nilishuka. Hata kuvunjika moyo hakukuja. Nilitambua tu kwamba kulipaswa kuja.

Sikujua kwamba bustani ile huweka picha za wateja wake mtandaoni saa ileile. Wifi yangu mmoja, anayeshughulikia forodha mpakani Kasumbalesa, aliiona akiwa kazini. Akamtumia Séverin. Na Séverin, siku hiyo, alikuwa ameketi sebuleni kwangu, amekuja kumsalimu mama yake, aliyekuwa ametoka kumwambia kwa fahari kwamba mimi niko kanisani!

Nilipoingia, alininyooshea simu.

"Mama Clarisse, Misa ilikuwa muzuri? Padri njo huyu kinkubala?"

Niliitazama picha. Nguo nyeusi, kitambaa cheusi, watoto wa watu wamenizunguka... na meno yangu.

Mama mkwe aliniuliza neno moja tu. "Ulienda?"

"Nilienda, Mama."

Hapo ilinipasa kupiga magoti na kunyamaza. Badala yake nilieleza. Nilieleza habari za Ubelgiji, za bango, za kimo cha reli, na za kelele na machozi, kwanza hiki, pili kile, kwa sauti ileile ninayofundishia sarufi. Clarisse alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kadiri nilivyopanga hoja zangu ndivyo uso wa yule mama ulivyozidi kukunjamana. Neno la kuomba msamaha lilikuja la mwisho, kama tanbihi.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, Mama, machozi inakataa. Tungeenda sisi babili pa ile kintu yako."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Mi siwezi tena kusimama juu yake. Nilisemea huyu mbele ya bantu bote, na sasa mi njo minaonekana muwongo."

Jumatatu walimchukua Clarisse. Alilia kwa sauti, akiniita, mpaka majirani wakatoka nje. Mama mkwe aliingia naye garini, asigeuke nyuma. Nilipunga mkono hadi gari lilipokata kona. Mashavu yangu yalikuwa makavu.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Kila Jumamosi ya pili naenda Likasi. Kabla ya kumwona binti yangu nabisha hodi kwenye chumba cha bibi yake, na namweleza, bila kuulizwa, nilikopita juma zima na nani nilikuwa naye. Miezi ya mwanzo aliinuka na kutoka. Safari iliyopita hakunijibu, ila hakuinuka.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi dada zangu mnaoketi mkekani leo na macho yenu yamekauka: msione aibu! Mwambieni yule anayewasemea kwamba machozi yanakataa. Mwambieni kwa maneno hayohayo, mapema, hata kama yanawatia hofu. Mimi nilidhani nilihitaji mahali pa juu pa kupigia kelele... kumbe nilihitaji kusema sentensi moja fupi, kwa sauti ya chini, kwa mtu aliyekuwa akilala chumba cha pili. Sikuisema. Msifanye kama mimi.