Giza la Saa Nane Mchana

Nyenyere alijibanza nyuma ya bomba la moshi, juu kabisa ya meli, simu ya setilaiti ya Thuraya sikioni.

"Kuku wangapi?" sauti iliuliza.

"Sita. Wote wamo tengani."

"Manowari yetu iko umbali wa dakika arobaini. Boti zao dakika kumi tu. Wazuie, shemeji."

"Na Chifu?"

Aliyeongea, mkuu wa idara ya upelelezi, alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

"Namtaka hai."

"Mimi simtaki hai."

"Najua. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mumeo."

Simu ikakatika.

Kuku ni makombora ya begani, ya kuangushia ndege za abiria. Yakishashushwa botini, basi tena. Mumewe, fundi umeme wa meli hii hii, alifungua kasha lisilomhusu mwaka jana. Chifu, mkuu wa injini, alimfungia chini akamfungulia gesi ya kuzimia moto, ile inayomnyima mtu pumzi. Mjane akaletewa barua: ajali kazini, uzembe wa marehemu.

Hakujibu barua. Aliomba kazi ya kupaka grisi kwenye meli ile ile.

Betri za jenereta ya dharura alikuwa ameshazitosa baharini tangu asubuhi. Samaki wazitumie.

Alishuka ngazi tatu. Joto. Ngurumo. Injini kubwa ilizungusha shafti, shafti ikazungusha pangaboi, na shafti hiyo hiyo ikaendesha jenereta iliyowasha kila taa melini. Umeme wa bure, Chifu alipenda kusema. Jenereta mbili ndogo zililala.

Sheria ya kazi inajulikana: kabla injini kubwa haijapunguzwa mwendo, amsha ndogo moja, ibebe mzigo. Wakuu wa injini wengine humwamsha huyo mdogo nusu saa kabla. Chifu, bahili wa dizeli, husubiri hadi nahodha apige simu.

Jenereta ndogo huamshwa kwa hewa iliyoshindiliwa mitungini. Nyenyere alizima mashine ya kuijaza mitungi, akafungua koki. Hewa ikatoka ikipiga mluzi. Ngurumo ikaumeza.

Akaingia chumba cha mitambo kufuta meza.

"Mama, hivi ndoa ilikushinda ukaja kuolewa na injini?" Chifu alicheka, miguu mezani.

"Haikunishinda. Nilifiwa."

"Pole. Marehemu alikuwa nani?"

"Fundi."

"Mafundi hawadumu," alisema Chifu, akanywa kahawa.

Nyenyere alifuta meza. Moyoni alisema: Mola, nishike mkono.

Simu ya nahodha ikalia. "Boti zimefika! Napunguza!"

"Subiri kidogo, niamshe mdogo." Chifu alibonyeza kitufe.

Pfff.

Akabonyeza cha pili.

Pfff.

"Nahodha, usipunguze! Usipu..."

Nahodha alishavuta mkono wa mwendo. Shafti ikalegea. Umeme ukayumba. Swichi kubwa ikaruka, paa!

Giza.

Pampu za mafuta zikasimama, na injini kubwa, isiyokubali kuzunguka kavu, ikajizima yenyewe. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, Nyenyere alisikia maji yakigonga ubavu wa meli.

"Nani kagusa hewa?" Chifu alinguruma.

"Mjane."

Nyenyere alimmulika Chifu usoni kwa tochi. Chini ya tochi alishika bastola ya Glock. Chifu akarusha spana, ikampata begani. Hakulia. Alirudi kinyumenyume, akatoka, akapiga komeo la mlango wa chuma.

Nje ya mlango ule kulikuwa na sanduku jekundu. Akalifungua. Akashika mkono wa kufungulia gesi ile ile.

"Mama!" Ngumi ziligonga chuma. "Nina watoto!"

"Na yeye alikuwa nao. Wawili."

"Niliagizwa!"

"Na mimi nimeagizwa. Nikuache hai." Kuuvuta mkono ule kulikuwa rahisi. Rahisi mno. Angekufa kimya, na ile barua ya ajali ingebaki ndiyo kweli. "Kufa utakufa tu, hiyo ni kazi ya Mungu. Mimi nataka useme. Mlimfungia saa ngapi? Nani alivuta?"

Akabonyeza kinasa sauti.

"Ukinyamaza, navuta."

Chifu alisema. Alisema saa, alisema majina, alisema na jinsi fundi alivyogonga hadi akaacha. Nyenyere alisikiliza machozi yakimtoka, hata mara moja hakumkatiza.

Juu, mfuniko wa ghala la makombora, unaofunguliwa kwa mota ya umeme, ulikuwa umejifunga kama kaburi. Wenye boti waliupiga kwa nyundo, wakatukana, kisha wakaona manowari ikija. Walikimbia mikono mitupu.

Manowari ilipofika, shemeji alipanda melini mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Umemuua?"

"Yuko chini anaongea. Hata nikimwambia basi, hanyamazi."

Akamkabidhi kinasa sauti.

"Unakwenda wapi, shemeji? Bega linavuja damu!"

"Nyumbani." Alikaza kilemba, akashika ngazi ya kamba. "Kuna watoto wanaodhani baba yao alikufa kwa uzembe wake mwenyewe."

Akashuka bila kutazama nyuma.