Kompyuta ya Breki Haijibu

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko mkononi mwa dereva wa teksi, na bado redio ilikuwa inajilamba. Ndiyo, inajilamba. Haikuimba wala haikukoroma. Ilitoa ile sauti ya mtu aliyemaliza kula nyama ya mafuta akaanza kunyonya vidole. Nasimulia hapa na mate mabaya yananijaa mdomoni.

"Unasikia?" dereva alinong'ona.

"Nasikia spika mbovu," alijibu fundi umeme, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Testa kwa sababu testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, haikubanduka nyuma ya sikio lake. Upuuzi hakuwa na muda nao, huyu. Akachukua ufunguo, akawasha swichi, akachomeka mashine ya kupimia, ikaonyesha msimbo wa hitilafu: mawasiliano na kompyuta ya breki yamepotea.

"Hiyo hiyo!" dereva akalalamika. "Mafundi watatu wamenibadilishia kompyuta ya breki, dada. Mara tatu! Na taa ya onyo haizimiki."

Bi Testa akacheka. "Wamekufanya shamba la bibi. Sikiliza. Kompyuta za gari zote zinaongea kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Moja isiposikika, zile nyingine zinaisema. Huu msimbo ni umbea tu, kaka yangu: unataja iliyonyamaza, hausemi nani kainyamazisha. Pengine kuna nyingine inapiga kelele kwenye laini, hii ya breki haisikiki. Nitazichomoa moja moja mpaka laini itulie."

Akachomoa ya milango. Wapi. Akachomoa ya usukani. Wapi. Alipochomoa redio, ya mtumba, iliyofungwa mwezi uliopita, kompyuta ya breki ikajibu papo hapo. Akaivuta redio nje ya dashibodi.

Lo! Nyaya za nyuma yake zilikuwa zimezama ndani ya donge la nywele lililoganda kwa grisi, bichi, lenye joto, na katikati yake ukucha mzima wa mtu. Lilinuka kama bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda. Dereva akakimbilia mtaroni kutapika. Kwa Bi Testa kazi ni kazi. Akakata nyaya juu ya lile donge aziunganishe upya, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika nyaya, akafanya wanachofanya mafundi umeme siku zote: akamenya waya kwa meno.

Ptuu! Akatema. Ptuu! Utelezi haukutoka. Alisukutua kwa maji, akasukutua kwa chumvi, akafikia hata sabuni. Kitu kama unywele kilibaki nyuma ya ulimi, kikimtekenya. Lakini gari lilipona, redio na donge lake vikatupwa jalalani, naye akaenda zake nyumbani.

"Hodi, mama, nimerudi."

Mama yake akainua uso, akafungua mdomo amwitikie. Midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka. Sauti hakuna.

Hospitali wakamulika koo, wakasema ni zima. Siku ya tatu nyumba yote ilinuka bandeji, na kaka yake Bi Testa akaleta mganga. Mganga alinusa pembe za chumba, akasema jini limemkalia mama na dawa yake ni kulitapisha. Kikombe cha kwanza kilimtapisha mama tangu asubuhi hadi alasiri, kwanza uji, halafu nyongo, halafu ute mwekundu ulioning'inia kidevuni bila kukatika, na binti yake akawa anaupangusa kwa viganja huku anajizuia asitapike naye. Bibi wa miaka sabini, mifupa mitupu!

Kesho yake mganga akakoroga vikombe viwili.

"Utamuua," Bi Testa alisema chinichini.

"Nikimwacha, litamuua lenyewe."

Kaka akainamisha kichwa. "Dada, tufanyeje? Aliyenyamaza si ndiye mama?"

Bi Testa akashtuka. "Aliyenyamaza, ndiyo. Aliyemnyamazisha je? Weka chini vikombe. Tokeni nje, mmoja mmoja."

Mganga akatoka. "Mama, niite." Kimya. Kaka akatoka. Kimya. Hata paka alitupwa nje. Kimya. Mama alikuwa analia, na macho yake hayakuwa kwenye macho ya binti yake, yalikuwa kwenye mdomo wake.

"Amebaki nani humo?" kaka alinong'ona dirishani.

Baridi ikampanda Bi Testa tangu nyayoni, akainuka, akavuka kizingiti, akapita uani, na kila alipopita ile harufu haikubaki nyuma ndani ya nyumba kama alivyotarajia bali ilikwenda naye, ya moto, ya kidonda, ikimtoka puani kwa kila pumzi, mpaka akafika getini na nyuma yake, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, akasikia sauti.

"Mwanangu! Mwanangu, uko wapi?"

"Mama kasema!" kaka akapiga kelele, akaruka ndani. Mganga akachukua mkoba wake, akampita Bi Testa upesi, pua ameiziba kwa kanzu.

Bi Testa akapiga hatua moja kurudi.

"Njoo unishi—" Sauti ikakatika.

Akarudi nyuma ile hatua.

"—ke mkono. Mbona umeniacha?"

Machozi yakamtoka. Nyuma ya ulimi kitu kilijigeuza, kikanenepa.

"Mwanangu, mbona hunijibu?" mama akalia. "Nimekukosea nini?"

Bi Testa akabana midomo kwa viganja vyote viwili, akazidi kurudi nyuma.