Mwanaume Aliyeolewa Saint-Gilles

— Bon. Nyumba iko wapi?

Papa Mwamba aliuliza huku akimchambua samaki kwa vidole, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Sebule yake kule Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, ilinukia mboga ya sombe na manukato ya wageni. Siku hiyo Nday alikuwa ameletwa na tonton wake, Kabamba, mzee wa ukoo wake, ajitambulishe rasmi kwa wazazi wa Emmanuella, na hadi hapo mambo yote yalikuwa yanateleza kama bamia.

Nday alifuta mikono.

— Nyumba gani, Papa?

— Ya marehemu baba yako. Tonton wako aliniambia alikuachia parcelle, kiwanja muzuri kule Lubumbashi, mu Katuba, na nyumba ndani. Donc siku mutoto yangu anarudi ku inchi, njo pale atalala, non?

— Ile parcelle niliwapa dada zangu, Papa. Graciella na wadogo yake.

Tonton Kabamba alipaliwa na tonge la bukari. Maman Lucienne, mama yake Emmanuella, akampa maji upesi.

— Uliwapa? tonton alifoka alipopata pumzi. Weye njo mwanaume peke yako kwa baba yako!

— Njo maana, tonton. Miye nilikuwa natembea ulimwengu, bo walibaki mu nyumba. Nyumba ni ya mwenye anabaki ndani.

— Alors uko na nini? Papa Mwamba aliuliza, sasa samaki kamwacha kabisa.

— Niko na kazi, niko na nguvu. Na niko na Emmanuella, kama atanikubali. Kule nilikuwa nakaa, Papa, kule Aceh, mwanamke njo eko na nyumba. Mwanaume anamufuata.

— Donc unakuya hapa kuolewa!

Mswahili yeyote anajua: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Ukigeuza hilo neno mbele ya wakwe, umejivua suruali hadharani. Lakini Nday, kijana mpole hadi kujiumiza, alitazama sahani yake, akamtazama Emmanuella, kisha akamtazama mzee.

— Kama njo vile banaita, Papa, basi ndiyo. Nakuya kuolewa.

Papa Mwamba alisimama.

— Lelo mumekula, aksanti. Lakini ku ndoa hii miye sisimame.

Na Emmanuella? Wengine mngedhani aliona haya. Haya aliona, sikatai, lakini chini ya ile haya moyo ulikuwa unamdunda kwa sababu nyingine kabisa, na ili muielewe lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Nday alikuwa amekaa muda mrefu katika kijiji kimoja cha Aceh, huko mwisho wa kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, akiandika tasnifu yake ya chuo juu ya ardhi na nyumba za vijijini. Emmanuella alikuwa muuguzi katika hospitali moja huko Woluwe. Kila alipotoka kazini mchana, huku Brussels mvua ikinyunya, alikuwa anaingia metro, anaweka simu sikioni, anafumba macho. Kule giza lilikuwa limeshaingia. Sauti ya Nday ilimjia na vyura nyuma yake.

— Niambie, Emmanuella alikuwa anasema. Leo umeona nini?

— Leo bamehamisha nyumba.

— Bamehamisha bantu?

— Nyumba, Ema! Nyumba yao inasimama juu ya miti mirefu, haina musumari hata moja. Imefungwa na vijiti tu. Ukichomoa vijiti, nyumba inafunguka, bantu banaibeba kwa mabega, banaenda kuisimamisha fasi ingine.

— Uko unanidanganya.

— Ju ya Mungu. Na chini ya ngazi kunakuwa mutungi wa maji. Unanawa miguu mbele ya kupanda. Ata ukitoka mbali namna gani, unanawa, unapanda, na ngazi ile ni ya mwanamke wako.

Alimweleza kwamba binti akiolewa kule, wazazi wanampa nyumba, au wanamkatia sehemu ya nyumba yao. Mume ndiye anayehamia. Wanaume wengi wanasafiri, wanafanya biashara miji ya mbali, wanarudi na zawadi na vumbi. Mwanaume kule ni wa njiani. Mwanamke ni wa nyumbani, na nyumbani ni kwake.

Emmanuella alikuwa anapitiliza kituo chake akisikiliza. Mara moja alisinzia kabisa, akaota ile nyumba ya miti inatembea kwa miguu yake mirefu juu ya mtaa wake wa Saint-Gilles, inainama chini ya nyaya za tramu, inatafuta mahali pa kukaa. Katika dirisha lake kulikuwa na taa, na mwenye kuiwasha alikuwa yeye.

Siku moja Nday alicheka kwenye simu.

— Mama mwenye ananilaza hapa, Kak Maneh, aliniuliza po rumoh yangu eko wapi. Nikamwambia eko Brussels.

— Po rumoh ni nini?

— Ni bibi. Njo vile banaita mwanamke wa muntu. Maana yake ni mwenye nyumba.

Emmanuella alishtuka kama aliyemwagiwa maji baridi.

— Mwenye nyumba? Nani alikuambia?

— Aliniambia nini?

— Hapana... réseau iko mubaya, nitakupigia.

Akakata. Sisi wengine tukisikia "mwenye nyumba" tunakumbuka kodi na kugongewa mlango alfajiri. Emmanuella yeye alidhani siri yake imefichuka. Kwa maana kile chumba na sebule alichokuwa anakaa pale Saint-Gilles, karibu na uwanja wa Parvis, chenye dari ndefu na sakafu ya mbao inayolia, hakuwa amepanga. Alikuwa amekinunua. Ni chake. Na Nday hakujua, baba yake hakujua. Aliyejua ni Maman Lucienne peke yake.

Kwa nini kuficha jambo jema hivyo? Ulizeni Joël. Huyo ndiye mchumba wake wa kwanza, na siku alipoonyeshwa funguo hakusema hata hongera. Alisema: "Mwanamke eko na nyumba yake, mwanaume ataamuru wapi?" Kisha akapotea. Tangu hapo Emmanuella alijifunza kusema "ninapanga" bila kupepesa macho. Aliapa kwamba mwanaume wa pili hatamkimbia kwa sababu ya kuta nne.

Sasa mnaelewa moyo ulidunda kwa nini. Mwanaume amesimama mbele ya baba yake, anasema hana nyumba na hataki kuwa nayo, na yeye anayo, na amenyamaza.

Alimfuata Nday kwenye ngazi za jengo.

— Nday! Uligawa nyumba ya baba yako, na miye hukuniambia?

— Niliogopa utaniona mujinga. Nilitaka kukuambia kila siku.

— Umeniacha nikae pale sawa vile muntu wa kuchekwa!

— Samahani, Ema. Kweli, samahani. Tutapanga fasi, pole pole tutapata...

— Hatuna haja ya kupanga! Niko na nyumba!

Lilimtoka tu. Nday alishika ukuta.

— Ile ya Saint-Gilles?

— Ni yangu. Nilinunua mbele ya kukujua.

Alitegemea atafurahi. Lakini uso wa Nday ulibadilika, ukawa wa mtu aliyeibiwa.

— Nilikuhadithia kijiji kizima, alisema taratibu. Ngazi, mutungi, Kak Maneh, yote. Nikakuita mwenye nyumba. Na weye ulikuwa unasikiliza, na ulinyamaza? Uliniona ni mwanaume gani?

— Uliona miye ni mwanamke gani, weye?

Tonton Kabamba alimwita kutoka chini kwa sauti ya mtu aliyekatizwa mlo, na Nday akateremka.

Usiku ule, na siku zilizofuata, Emmanuella aliumia. Tusizunguke: alimpenda yule mtu. Alipenda anavyoita vitu, anavyocheka peke yake, anavyosahau chai ikapoa. Metro ilikuwa ndefu bila sauti yake. Ujumbe ulikuja mmoja tu:

"Ema, nilikosea kukuficha. Lakini weye uliogopa Joël, na hesabu yake ulinilipisha miye. Nakupenda. Papa yako akikataa, sitakuiba. Nitangoja."

Aliandika jibu, akafuta, akaandika tena, akafuta. Bila baraka ya baba yake asingeolewa, na hilo Nday alilijua vizuri. Na baba yake alikuwa ameshasema. Lakini je, baba yake alikuwa amesema kuhusu nini hasa? Alikataa mwanaume asiye na nyumba kwa sababu alidhani binti yake hana pa kulala. Na nani alimfanya adhani hivyo?

Jumapili, baada ya misa, aliwaalika wazazi wake Saint-Gilles. Aliwapa chai, akamkalisha baba yake kwenye kiti kizuri.

— Papa, hapa ni kwangu.

— Najua. Unalipa kila mwezi.

— Hapana. Nilinunua. Nyumba hii ni yangu.

Papa Mwamba aliweka kikombe. Alisimama, akapapasa ukuta, akaufungua mlango wa jikoni na kuufunga, akakanyaga mbao zikalia, akaachia tabasamu ambalo hakulipanga.

— Mutoto yangu! Weye peke yako?

— Miye peke yangu.

— Na ulificha ju ya nini?

— Ju ya wanaume, Papa. Banakimbia. Mwenye hakukimbia, wewe umemufukuza.

Tabasamu likazima.

— Ule ni kitu ingine. Mwanaume hawezi kuingia kwa mwanamke na mikono mitupu. Haijafanyika kwetu.

Hapo Maman Lucienne alicheka. Kicheko kidogo tu cha puani.

— Mwamba, siku ulifika ku aéroport ya Zaventem, ulikuwa na nini mukononi?

— Lucienne, wachana na mambo ya zamani.

— Valise moja. Fermeture ilikuwa imekufa, umeifunga na kamba. Sivyo?

— Ilikuwa valise ya muzuri.

— Miye nilikuwa nimekuya mbele, nafanya ménage, kupangusa nyumba za bazungu. Makaratasi ya kukuleta ulipata ju ya nani?

— ... Ju yako.

— Na siku ile ulilala kwa nani?

— Kwako.

— Na bail ya Berchem, karatasi ya kupanga ile nyumba, mpaka lelo iko ku jina ya nani?

Papa Mwamba alitazama dirishani. Mvua ilikuwa inaandika na kufuta kwenye kioo.

— Ya kwako, alisema.

— Alors? Nani alimuoa nani?

Jamani, hapa Brussels nusu ya wanaume wetu wameolewa, ila hawajaambiwa. Papa Mwamba alikaa pale dirishani mpaka chai ikapoa. Emmanuella alimwona akiwa kijana ghafla, kijana mwembamba na valise yenye kamba, amesimama mbele ya mlango wa mwanamke, hajui kama atafunguliwa.

— Sikukuambia aksanti, Lucienne, alisema mwishowe, bila kugeuka. Ata mara moja.

— Hukusema.

— Ilikuwa haya. Nilikuwa nafanya makelele ya mwanaume ili bantu basione.

Kisha akamgeukia binti yake.

— Muite.

Emmanuella hakufuta tena. Aliandika:

"Nisamehe. Nyumba iko, Saint-Gilles, gorofa ya kwanza. Po rumoh eko ndani. Papa amekubali. Kuya."

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mezani:

"Nakuya. Lakini vizuri. Kule bwana arusi haingie peke yake, ndugu zake banamusindikiza mpaka ku mulango. Nitaomba tonton."

Tonton Kabamba aliombwa, akakataa katakata. Alikubali kuja commune kwenye ndoa ya serikali, alikubali kanisa, suti mpya aliivaa na kucheza alicheza. Lakini ilipofika kumsindikiza bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi, alikunja mikono.

— Miye kumupeleka mwanaume kuolewa? Bababu batanicheka mu kaburi. Kwenda peke yako.

Alasiri ya siku ya harusi Emmanuella alitangulia nyumbani, kama walivyokubaliana, akafungua madirisha yote. Nday alibaki ukumbini na begi lake, shati jeupe, hana mtu wa ukoo wa kutembea naye. Simu yake ikalia.

— Allô, Papa?

— Uko wapi?

— Mu salle. Nataka kuondoka. Peke yangu, haina neno.

— Kaa pale. Muntu hafike kwa mutoto yangu peke yake sawa vile mwizi. Nakuya kukusindikiza.

— Papa, lakini wewe ni wa upande wa mwanamke...

— Miye ni wa upande wa mwenye anabeba valise. Leta hapa.

Wakapanda barabara pamoja, mzee na kijana, kutoka upande wa stesheni ya Gare du Midi hadi juu Saint-Gilles. Mvua ilikuwa imekatika, mawe ya barabara yanang'aa, na soko la Parvis linafungwa, ndizi za mwisho zinanadiwa kwa kila lugha. Papa Mwamba alibeba begi mwenyewe na kukataa kulishusha. Mlangoni Papa akabonyeza kengele.

— Ni nani? sauti ya Emmanuella ikatoka kwenye kile kispika kidogo.

— Ni Mwamba. Niko na mutoto yangu wa kiume hapa. Anauliza kama kwako kunabaki nafasi.

Ikarudi sauti iliyolowa machozi na kicheko:

— Iko nafasi, Papa. Apande.

Mlango ukalia, ukafunguka. Papa akamkabidhi Nday begi lake, akamsukuma begani, akasikiliza nyayo zikipanda ngazi mpaka mlango wa juu ukafunguliwa na kufungwa. Ndipo akatoa simu.

— Lucienne? Nimemufikisha. Sasa nakuya kwako.

— Kwangu? Tangu lini unasema kwangu?

— Tangu lelo. Nikuletee nini?

— Kuya tu, Mwamba. Mulango iko wazi.