Mayai Sita ya Mgeni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Alistidia alikuwa na kazi tatu: kuchota maji kisimani, kumnawisha uso mdogo wake Clavery, na kupeleka kibakuli cha maziwa ghalani kwa Bibi Kokuhirwa. Maziwa hayo hayakuwa ya paka. Yalikuwa ya chatu.

Usishtuke! Kijiji kizima cha Kishanda kilimjua chatu huyo. Familia ilimrithi tangu enzi za mama mkwe wa Bibi, na jina lake lilikuwa Mgeni. Aliishi ghalani, nyuma ya magunia ya kahawa kavu, na panya wa pale walikuwa wamekoma. Bibi alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, mlango wa ghala ufungwe kwa komeo daima. Ya pili, Mgeni akitaga, mayai yapelekwe mbali, kule rweya, kwenye nyika ambako hakuna migomba wala nyumba ya mtu.

Mwaka ule Mgeni alitaga mayai ishirini. Mgeni alipoyaacha kidogo akaote jua kwenye dirisha la ghala, Bibi aliyakusanya kwenye kikapu akampa Alistidia, mjukuu wake. "Yafukie kwenye kichuguu kile kikubwa," alisema. "Yote, umenisikia?"

"Ndiyo, Bibi."

Lakini shuleni, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Ishengoma alikuwa amewaonyesha sungura wawili waliozaa hadi wakafika kumi na wanane. "Mfugaji hodari ni yule anayezalisha," alisema. Maneno hayo yalimkaa Alistidia kichwani. Sungura wazalishwe, kuku wazalishwe, kwa nini chatu asizalishwe? Tena Mgeni alimzoea Bibi peke yake. Alistidia alitaka wake mwenyewe. Basi alifukia mayai kumi na manne rweya, na sita akayaficha kwenye lundo la makapi ya kahawa, nyuma ya nyumba ya msonge ya Bibi.

"Umeyafukia yote?" Bibi aliuliza jioni ile.

"Yote, Bibi." Alisema bila kupepesa macho.

Miezi miwili ilipita. Siku moja alipotoka shule alifukua makapi. Maganda sita matupu! Nyoka hata mmoja hakuwepo. Lundo lile liliegemea ukuta wa msonge, na ukutani, karibu na ardhi, palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Mle ndani, kama katika kila nyumba ya kijijini siku zile, sakafu ilitandikwa nyasi nene. Na juu ya nyasi hizo Clavery alishinda akitambaa.

Kuanzia siku hiyo Alistidia hakupata raha. Alimbeba Clavery mgongoni hadi mabega yakamuuma, na kila nyasi zilipotoa mchakacho aliruka. Mara tatu alifungua mdomo amwambie Bibi, mara tatu akaufunga. Angesemaje? Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaziba njia.

Jumamosi saa nne hivi, kelele zilisikika migombani. Jirani yao Ma Georgina alikuja mbio, kitenge kikimdondoka. Nyuma yake alikuja balozi wa nyumba kumi, Ta Lwakatare, na wanaume wanne wenye mapanga na mikuki.

"Mawe, mama yangu wee! Vifaranga vyangu vitatu vimekwisha!" Ma Georgina alilia. "Ni chatu wako, Kokuhirwa! Leo vifaranga, kesho watoto wetu!"

"Mgeni hajatoka," Bibi alisema. "Komeo hilo hapo, tazameni wenyewe."

Ta Lwakatare alitikisa kichwa. "Waitu, tafadhali mama, tumekuheshimu miaka yote. Lakini watu hawalali. Leo lazima auawe."

Bibi alisimama mbele ya mlango wa ghala. Alinyoosha mikono kuuziba. Alistidia aliyatazama mapanga, na maji yakamfika shingoni.

"Si Mgeni!" alipiga kelele. "Ni mimi! Niliyaficha mayai sita. Yameanguliwa, na nyoka wachanga wamo ndani ya msonge, kwenye nyasi!"

Bibi aligutuka. "Clavery yuko wapi?"

Alikuwa ndani, kwenye mkeka ambapo Alistidia alimwacha aliposikia kelele.

Bibi aliingia mbio kuliko kijana, akatoka na mtoto kifuani, mzima, akicheka. Wanaume walizitoa nyasi kwa reki, fungu moja moja, taratibu. Wa kwanza alikuwa chini ya kigoda. Wawili walijikunja nyuma ya mtungi. Wa nne na wa tano walikuwa ukutani. Wa sita, mrefu kama mkono wa mtu mzima, alikuwa amelala chini ya ule mkeka aliokuwa amekalia Clavery. Wote sita walitiwa kikapuni wakiwa hai. Alistidia alikaa chini akalia kwa kwikwi, akasimulia yote: sungura wa Mwalimu, na siku alipokuta maganda matupu.

Bibi hakumpiga. Alimvuta karibu. "Sungura huzalishwa kwa sababu tunawala na tuna banda la kuwatosha. Nyoka mmoja nilimweza, maana nilijua kila siku yuko wapi. Sita hujui hata walipo! Lakini hilo ni kosa la kutojua, mjukuu wangu. Ungeniambia siku ile ya maganda, tungewakamata mchana uleule. Ulichozalisha hasa ni uongo, nao ndio uliomlaza mdogo wako juu ya nyoka."

Kisha alimgeukia balozi. "Georgina atapewa vifaranga vyangu. Na Mgeni naye aende. Jirani zangu wakikosa usingizi kwa sababu yangu, sina haki ya kufuga."

"Bibi, hapana!" Alistidia alilia.

"Angeuawa leo," Bibi alisema. "Kusema kweli kwako kumempa uhai. Chukua kikapu."

Wanaume walimbeba Mgeni ndani ya tenga kubwa. Alistidia aliwafuata na kikapu kilichofungwa kwa kamba, hadi kwenye kichuguu cha rweya. Alifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, akasubiri mpaka nyasi zilipotulia.

Aliporudi, Bibi alikuwa akitandika nyasi mpya. "Wote?" aliuliza.

"Sita, Bibi. Na Mgeni, saba."

Ta Lwakatare, aliyekuwa nyuma yake, alitaka kuthibitisha hesabu hiyo, lakini Bibi aliinua mkono kumzuia.

"Acha," alisema. "Safari hii neno lake linanitosha."