Minyoo Aliowaacha Daktari

"Maji yako yananuka maini, bwana we! Nguo za wanangu zote zinanuka bucha!"

"Mama Mapacha, nimeshasema samahani."

"Samahani inafua? Shuka hapa chini! Shuka uzione!"

Jengo zima lilishafungua milango. Nani aache uhondo kama ule?

Ghorofa ya tatu, nyuma ya nguzo, Kipanga alitega sikio. Maini. Basi ndiye. Minyoo bapa hulishwa maini mabichi, na maji yao lazima yamwagwe kila wakila. Idara nzima ya ujasusi ilimsaka mwizi wa maabara kwa mitambo. Pua ya mama wa ghorofa ya chini ikamwona kwanza.

Kifaa cha mawasiliano kikakwaruza sikioni.

"Kipanga, umemwona?" Mkuu wake.

"Anashuka. Ni shemeji yangu."

"Mdogo wake marehemu?"

"Huyohuyo."

Mumewe, Daktari, alikuwa kaburini mwaka sasa. Aliacha maabarani kundi la minyoo, wote vipande vya mnyoo mmoja aliyemwokota kijitoni siku aliyomposa Kipanga. Hakuna waliokuwa wakiota upya haraka kama wao. Shemeji aliiba mtungi mmoja, waliobaki akawamwagia sumu ili bei ipande.

"Wanunuzi wanamngoja uwanja wa ndege," Mkuu alisema. "Nawataka na wao. Mwache aende, ila minyoo wasiende wazima. Wakituponyoka na kipande kimoja tu, tayari wana kundi."

"Nibakize mmoja, Mkuu."

"Alipomaliza kumwaga yale maji, aliufunga mtungi kwa lakiri ya wanunuzi. Ukiivunja watashtuka. Pitisha sindano kwenye mpira wa kizibo."

Kitasa cha chumba cha shemeji hakikumsumbua. Bastola ya Beretta ilibaki kwapani.

Mtungi ulikuwa kitandani, umevishwa foili. Aliifunua kidogo. Weusi, laini, wakakimbia mwanga. Mmoja akabaki, amemkazia macho ya makengeza.

"Wanatazama kama mawifi harusini," Daktari alizoea kusema, tena mawifi wenyewe wakisikia.

Na yale mengine alimfundisha jikoni, kwa njiti za kiberiti na uzi. Seli ina kiunzi cha protini, mke wangu, kama kibanda kilivyo na fito. Protini moja, aktini, huvuta kingo za jeraha zikutane. Nyingine, tubulini, huvuta seli moja mpaka ziwe mbili. Izuie tubulini, mnyoo ataogelea siku chache, lakini ukimkata, kichwa hakioti tena.

Dawa ya kuizuia ndiyo iliyojaa kwenye bomba la sindano.

Chini kelele zilipanda. "Na hili shati? Linuse!"

"Nimelinusa, mama!"

"Tena!"

Kipanga alichoma kizibo.

Kidole kikagoma.

Hawakujaliwa mtoto. Nguo za marehemu ziligawiwa matangani. Hata sauti yake kwenye simu ilipotea simu ilipoharibika. Waliobaki hai ni hawa tu, na wa kwanza wao alikatwa kwa mkono wake.

"Kipanga! Anapanda!"

"Nisamehe, mume wangu."

Akasukuma mpaka tone la mwisho.

Shemeji alipoingia, yeye alishapanda ngazi za juu. Alimwona akitoka na begi, akipiga mluzi uleule wa kaka yake, akiingia kwenye teksi. Kipanga akaketi kwenye ngazi.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili kifaa kilipokwaruza tena.

"Tumewabeba wote. Shemeji yako na wanunuzi wake. Kazi safi."

"Minyoo?"

"Wanatembea. Ila wataalamu wanasema ndiyo basi."

"Najua."

Akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akanyoosha koti, akashuka taratibu kama mtu asiye na habari. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Mama Mapacha alikuwa anaanua nguo alizozifua upya.

"We dada. Wanangu wanasema umekaa ngazini tangu yule bwana wa maini aondoke. Kakuacha?"

"Si yeye."

"Ila umeachwa."

Mama Mapacha akamvua miwani, akamtazama macho, akamrudishia mkononi.

"Haya, sikuulizi. Ingia ule. Nyie mapacha, msogeeni shangazi yenu!"