Kisanduku cha Rambirambi

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa tovuti, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Alikuwa akiongeza kisanduku cha kuandikia rambirambi kwenye tovuti ya matangazo ya misiba. Kilikuwa na vitufe vya kukoleza herufi ziwe nene na kuzilaza, na kila ujumbe ulijiwekea saa ulipoandikwa. Mchana huo kaka yake mkubwa alikuwa katika chumba cha upasuaji, naye alifanya kazi ili asiwaze.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, ikabaki nuru ya kompyuta yake ya mkononi. Akiwa amekunja mikono, akasikia vitufe vya kibodi vikigonga taratibu: ta, ta, ta. Maneno yakajiandika kisandukuni:

“Pumzika, kaka. Mdogo wako. Saa nane na dakika kumi.”

Akafuta. Maneno yakarudi, safari hii yamekolezwa. Akakiondoa kisanduku chote kwenye ukurasa. Kisanduku kikatoweka, maneno yakabaki. Akaifunga kompyuta kwa kishindo, na simu ikaita.

“Shemeji, wewe na kompyuta yako, umekula lakini?” Mke wa kaka yake alikuwa akicheka. “Mambo mazuri! Daktari anasema wanashona tu, dakika tano wamemaliza.”

“Sasa hivi saa ngapi, shemeji?”

“Nane na tano. Kwani vipi?”

Gizani, chini ya kiganja chake, ndani ya kompyuta iliyofungwa, vitufe vilikuwa vikigonga: ta, ta, ta.